Uso wa Mwalimu Kivuli

Mwalimu Kivuli alifariki mchana, mkewe akiwa zahanati anamzalisha mama mmoja aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Jirani aliyekimbia kumwita aliambiwa asubiri nje ya mlango. Akasubiri. Akasikia kichanga kinalia kwa mara ya kwanza, akasikia wanawake wanacheka kwa ahueni, kisha mkunga akatoka anafuta mikono, tabasamu bado limo usoni. "Ni wa kike, na mama yake mzima," akasema, akidhani anazungumza na ndugu wa mzazi. Ndipo alipomtambua jirani yake, na tabasamu likafutika.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi. Kazi yangu ni kuchora mabango na kuta za maduka, na siku hiyo nilikuwa nachora kiatu kikubwa kwenye ukuta wa duka la viatu. Simu ilipolia nilikuwa nimebakiza kamba tu. Nikashuka, nikaacha brashi ndani ya kopo, nikaondoka bila kuaga. Kiatu kile mpaka leo hakina kamba. Mwenye duka hakunilaumu, na mimi sijaweza kurudi kukimalizia.

Jina la Kivuli tulimpa sisi wanafunzi wake. Ukimwonyesha picha, hata uwe umeitolea jasho na machozi, swali lake lilikuwa lile lile: "Kivuli kiko wapi?" Umechora kikombe, kivuli kiko wapi? Umechora kuku, haya, kivuli chake amekipeleka wapi, amekiuza? Mtundu mmoja wa darasa letu alichoka na swali hilo, akapaka karatasi nzima makaa, nyeusi tii, akampelekea. Mwalimu akaitazama, akaigeuza juu chini, akasema, "Hapa sasa kivuli kipo. Picha iko wapi?" Tulivunjika mbavu. Tangu siku hiyo jina likamganda, hata walimu wenzake wakaanza kulisahau lile alilopewa na wazazi.

Alizaliwa katika nyumba ya fundi mwashi. Baba yake alikuwa akipiga lipu, naye anafuata nyuma na msumari, anachora ng'ombe kwenye lipu mbichi. Alichapwa kwa ajili ya ng'ombe hao mpaka fimbo ikazoeleka. "Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina ng'ombe wangu chini ya rangi," alitusimulia. "Wenyewe wanalala, hawajui kama wanafuga." Baba akaona huyu mtoto atamfukuzia wateja. Akamwambia picha haziezeki nyumba, akampeleka chuo cha ualimu asomee hesabu. Akasoma, akafaulu, akapangiwa shule yetu. Shuleni kulikuwa na somo la sanaa lisilo na mwenyewe, na mkuu wa shule wa enzi hizo akamsukumia mwalimu mgeni, kama mgeni anavyosukumiwa kiti kibovu. Alikikalia kiti hicho mpaka akaota mvi.

Chumba cha sanaa kilikuwa stoo nyuma ya maabara. Kilikuwa na dirisha moja, madawati yaliyovunjika yamerundikwa hadi darini, na ubao uliopasuka katikati. Tulichora kwenye migongo ya mitihani ya zamani. Upande huu una mtungi wako, ukigeuza unakuta mtu alifeli jiografia. Makaa aliyaomba jikoni kwa wapishi, na ndiyo maana vishikizo vya mashati yake vyote vilikuwa na alama nyeusi, kama mtu anayevua shati kwa haraka kila siku.

Nilifika kwake kwa mlango wa adhabu. Nilikuwa nimemchora mkuu wa shule juu ya dawati kwa ncha ya bikari, na mkuu alipoiona alifura kwa hasira. Nikaamriwa nilisugue dawati kwa msasa mpaka picha iondoke, na Mwalimu Kivuli akaagizwa anisimamie. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Nani huyu?" akauliza.

"Ni... ni mkuu, mwalimu."

"Ndiye kabisa. Ila umemwonea huruma kwenye pua."

Sikujua nicheke au nilie.

"Haya, sugua," akasema. "Mali ya shule siyo karatasi. Ukimaliza njoo kule stoo umchore upya. Na safari hii umpe pua yake yote."

Alikuwa na desturi moja. Hakukaa mbele ya mtu anayechora. Alisimama nyuma ya bega lako, na hakugusa karatasi yako hata kwa ukucha. "Mkono wangu ukiingia kwenye picha yako, picha ni yangu," alikuwa akisema. "Wewe utabaki na karatasi." Alichoonyesha alikionyesha hewani, kando ya sikio langu, kwa kidole chake cha shahada chenye ukucha uliopinda. Mstari unapita hivi, unashuka hivi, unapumzika hapa. Nilizoea kuguna kwake anapopendezwa na kukohoa kwake anapokereka. Nilizoea harufu yake ya makaa na sabuni ya kufulia. Mikono yake niliijua kuliko ya mama aliyenizaa.

Mama naye alikuwa dobi. Alifulia watu na kupiga pasi, na nilipomaliza shule alitaka nikajifunze kazi ya ofisini, kazi ya kukaa kivulini na kiti cha kuzunguka. Mwalimu akaja nyumbani kumwona. Akamkuta mezani, amezungukwa na mashati ya watu.

"Mwalimu," mama akamwambia bila kuinua macho, "wewe ni mtu mzima na ninakuheshimu. Niambie kweli. Picha zitamlisha huyu mtoto?"

"Sijui, dada yangu. Mimi nimelishwa na hesabu."

"Sasa?"

"Sasa nimekuja tu kukueleza. Ukimpeleka ofisini ataenda, ni mtiifu. Lakini atachora kwenye meza za watu mpaka afukuzwe, na aibu itarudi hapa hapa kwako."

Mama akacheka bila kupenda. Katika kucheka akasahau pasi, kola ya shati la mteja ikaungua, ukazuka ugomvi mwingine kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimepona. Wiki iliyofuata nilianza kuchanganya rangi kwa fundi mmoja wa mabango, na sijafanya kazi nyingine tangu hapo.

Yeye aliendelea. Somo la sanaa likafutwa kwenye ratiba, akaendelea. Watoto waliotaka kuchora walibaki baada ya masomo, naye akabaki nao, halafu akatembea kwa miguu kurudi nyumbani akiwa amechoka kama punda. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na mlinzi wa shule. Hakuwahi kutundika picha yake hata moja, hata sebuleni kwake. Niliwahi kumuuliza kwa nini hachori zake. Akasema anangoja wanafunzi wamalize kwanza, ndipo na yeye ashike zamu.

Wanafunzi hawaishi. Kila mwaka wanakuja wengine.

Kiharusi kilimkuta darasani, katikati ya kipindi cha hesabu. Chaki ndiyo iliyotangulia kuanguka. Watoto wakainama kuiokota, walipoinua vichwa mwalimu hayupo, yuko sakafuni. Alipona, lakini upande wa kulia haukurudi. Ule mkono ukawa unalala mapajani mwake kama mkono wa mtu mwingine aliyeuacha pale na kwenda zake.

Nilikuwa nikienda kumwona kila nikipata nafasi. Siku moja nikamkuta amewekwa mezani penye mwanga, mbele yake kikombe cha bati, karatasi na kipande cha makaa.

"Usikae," akaniambia. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, ikabidi uyasubiri. "Simama nyuma. Leo mimi mwanafunzi. Wewe mwalimu. Kunja uso."

Akashika makaa kwa mkono wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kijiko. Akachora, akachora. Kilichotokea kilikuwa kama sufuria iliyokanyagwa na gari. Nikakunja uso, kama alivyoniagiza.

"Kivuli kiko wapi?"

Alicheka mpaka mate yakamtiririka. Mkewe alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani ameshikwa tena.

Siku hazikuwa zote hivyo. Kuna mara nilifika nikakuta karatasi zimeraruliwa chumba kizima, naye amekaa katikati yake kama kuku aliyenyonyolewa. Nikaanza kuokota.

"Nilikuwa na mkono," akasema. "Mzima. Nikautumia kuonyesha hewani."

"Mwalimu, usiseme hivyo."

"Hewani, mwanangu."

Nikasikia anavyolia. Nikainuka nimwendee, akanizuia na ule wa kushoto. "Usinitazame. Nakuomba. Usinitazame usoni." Basi nikazunguka nyuma ya kiti chake, nikaweka mikono mabegani mwake, tukakaa hivyo, mimi natazama kisogo chake na mvi zilizohitaji kukatwa, mpaka mkewe akarudi kutoka kazini. Hatukuzungumzia jambo hilo tena. Alikufa kabla ya mvua kuanza, kwa pigo la pili.

Binti yao wa pekee, ambaye anafanya kazi mbali, alifika siku ya pili. Alinivuta pembeni, macho yamemvimba.

"Dada, tunahitaji picha ya Baba, ya kuweka mbele ya watu siku ya mazishi. Tumepekua nyumba nzima. Harusini kwangu yeye ndiye alikuwa ameshika kamera. Picha za shule kasimama nyuma ya walimu warefu, linaonekana sikio. Iliyopo ni ya kitambulisho, nayo imesuguliwa hadi imebaki kama doa."

"Pole, mdogo wangu."

"Mchore wewe. Wewe unamjua kuliko sisi sote."

Nikakubali, ningekataaje? Nikaenda kwenye kibanda changu cha kazi, nikafunga mlango, nikabana karatasi kubwa kwenye ubao. Mikono yake niliichora bila kusita, na ule ukucha uliopinda. Mabega yakaja. Kisogo, shingo, namna shati lilivyomkaa. Nikafika usoni, nikakwama.

Nilidhani ni machozi. Nikayafuta, nikaanza tena. Nikachora macho, yakawa macho ya mtu yeyote. Nikachora mdomo, ukawa wa mjomba wangu. Nikatupa, nikaanza, nikatupa. Mchana wote ukapita hivyo, na ndipo nikaelewa. Miaka yote ya stoo yeye alikuwa nyuma yangu. Miaka ya ugonjwa nilikuwa nyuma yake. Uso wake niliusalimia mlangoni, nikauaga mlangoni, kama watu wanavyosalimiana. Kumtazama mtu ili umchore ni jambo jingine, na hilo sikuwahi kumfanyia. Nilikaa sakafuni kati ya nyuso za watu wasiojulikana, nikalia kwa sauti mpaka fundi seremala wa kibanda cha pili akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama.

Nikarudi msibani. Mama Mkunga, ndivyo tunavyomwita mkewe, alikuwa ameketi sakafuni katikati ya wanawake, miguu ameinyosha. Nikapiga magoti kando yake nikamnong'oneza ukweli. Nilitegemea anifokee, au alie. Akakunja miguu, akasema, "Nipe viatu vyangu."

Tukaenda hospitali kuu, chumba cha maiti. Mhudumu wa pale ni mzee mmoja ambaye anamjua Mama Mkunga kwa miaka, tangu alipokuwa akizalisha hapo. Alipomwona alivua kofia.

"Mama Mkunga," akasema, "wewe mlango wako ni ule wa kule, wa wazazi."

"Leo nimekosea mlango," akajibu.

Mzee akatazama chini, akatufungulia. Ndani palikuwa na baridi na harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Kuta zina vigae vyeupe hadi juu ya kichwa, na bomba moja linadondoka. Akamvuta Mwalimu kutoka kwenye jokofu, akafunua shuka mpaka kifuani, akatoka.

Mama Mkunga akaweka kiganja kwenye paji la uso wa mumewe, vile watu wanavyompima mtoto homa. Akakiacha pale. Mimi nikabana karatasi, nikasimama mbele ya Mwalimu, uso kwa uso, nikaanza kutazama. Kulikuwa na kovu dogo chini ya kidevu. Nyusi moja ilikuwa nzito kuliko ya pili. Mambo ambayo mtoto yeyote wa darasani, aliyekaa mbele, angeweza kukuambia.

"Hilo kovu?" nikauliza.

"Ngazi ya baba yake. Alianguka akichora ng'ombe."

Nikachora. Makaa yalikuwa yakisikika kwenye karatasi. Nilipofika mdomoni akaja akasimama kando yangu akatazama.

"Siyo huo," akasema.

"Mama, ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo sasa. Huyu hapa anaonekana mpole. Hakuwa mpole, alikuwa mkorofi. Mdomo wake ulikuwa kama umeficha kitu, kama mtoto aliyeiba sukari. Upandishe hapa pembeni. Kidogo. Siyo sana, hakuwa mjinga."

Nikaupandisha.

"Na macho?" nikauliza, kwa sababu yalikuwa yamefumbwa, na hakuna aliyethubutu kuyafumbua.

Alirudi kando ya mumewe. Kisha akasema, sauti imeshuka, "La kulia lilichelewa. Akiamka, la kushoto linafunguka kwanza, linanitafuta. Likishaniona, ndipo la kulia linafuata. Hata mchana lilikuwa nyuma kidogo, kama halijaamka sawasawa. Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui, Mama."

"Ungejuaje," akasema. "Hilo lilikuwa langu."

Akageuka ukutani, paji lake kwenye vigae, mabega yakaanza kutikisika. Huyu ni mwanamke aliyezalisha nusu ya mji wetu bila kupandisha sauti. Nilitaka kumshika. Akanipungia mkono bila kugeuka, niendelee. Nikaendelea. Nilichora lile jicho la kulia nikiwa sioni vizuri, nikaliweka nyuma kidogo, na ghafla nikamwona. Alikuwa ananitazama kutoka kwenye karatasi, anakaribia kucheka, na mbele yangu amelala na hana habari. Makaa yakanidondoka.

Mazishi yalijaa watu. Picha ilisimamishwa juu ya kiti, mbele, na kila aliyepita aliinamisha kichwa kwanza kwa jeneza kisha kwa picha. Alikuwepo kinyozi, fundi wa vigae, mshonaji wa magauni ya harusi, kijana anayechora ramani za nyumba, wote wametokea kwenye ile stoo. Mkuu wa shule wa sasa alisoma hotuba nzuri, akamsifu marehemu kama mwalimu hodari wa hesabu. Akakunja karatasi yake. Kisha mshonaji, dada mnene asiyemwogopa mtu, akasema kutoka nyuma, "Na sisi alitufundisha nini, mkuu?" Watu wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachogeuka katikati ya njia, na uwanja mzima ukaangua kilio.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilijisifu kimoyomoyo kwamba walau nimempa Mama Mkunga mumewe amtundike sebuleni.

Baada ya binti kurudi kazini kwake, Mama alikuja kibandani kwangu amebeba kitu kipana kilichofungwa shuka. Nilikijua kabla hajakifungua.

"Usikasirike," akasema. "Siwezi kuishi nayo."

"Nimeikosea, Mama?"

"Ungeikosea ningeweza." Akakaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, hata kabla sijamfutia vumbi. "Nikila ananitazama. Nikitoka kazini nafungua mlango, yupo, jicho moja limechelewa, moyo wangu unaruka. Halafu nakumbuka. Kila siku naambiwa upya kwamba amekufa, mwanangu. Nimejaribu kuigeuza ukutani, nikajiona kama nimegombana naye. Iweke wewe."

Nikaipokea, nikaitundika juu ya rafu ya brashi.

Siku hizi anakuja. Akitoka zahanati anapitia kwangu, bado ana harufu ya dawa, anakaa kwenye kopo lile lile anamtazama mumewe. Wakati mwingine anampa habari: leo mapacha, leo mtoto alitanguliza miguu. Wakati mwingine anajikalia tu, mimi napiga msasa mbao zangu.

Juzi alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaniambia, bila kuondoa macho kwenye picha, "Uso ninao. Sauti inaanza kunipotea. Nilipokuwa nikiingia mlangoni alikuwa akiniambia, 'Mkunga, dunia imeongezeka?' Kila siku, miaka yote. Maneno nayakumbuka. Sauti siisikii. Wewe unaisikia?"

Nikaweka msasa chini. Nikafumba macho, nikaitafuta ile sauti. Nikajaribu, kwa sauti nzito, taratibu: "Mkunga, dunia imeongezeka?"

Haikuwa yenyewe. Tulisikia wote wawili kwamba siyo.

Alikuwa amefumba macho, mikono ameiweka magotini.

"Jaribu tena," akasema.